Cadillac ilipoteza wapi heshima yake, na je, Seville ya Japani inafaa kuletwa Arusha?

Mkazi_Sakina

Wakuu, habari za wakati huu. Kwenye mitandao ya magari ya Japani kuna Cadillac Seville STS za kati ya 1998 na 2003: usukani kulia, V8 ya lita 4.6, viti vya ngozi, kilomita hazijafika laki moja. Bei inayoombwa ni ndogo kuliko Toyota Crown ya umri huohuo, na Toyota Celsior (ndiyo Lexus LS ya soko la Japani) ndiyo iko mbali kabisa. Jina la Cadillac limevuma miaka yote kama gari la marais na matajiri, sasa iweje lishuke hivi?

Naomba wajuvi wanisaidie mambo mawili. Kwanza, heshima ya nembo hii ilipotelea wapi hasa? Pili, ukilileta Arusha utaweza kulitunza, au unanunua pambo la uani?

Gwiji_wa_V8

Mkuu, tuanze na ilikotoka, maana bila hapo anguko halieleweki.

Cadillac ilianzishwa Detroit mwaka 1902 na Henry Leland, mtu aliyeishi kwa vipimo sahihi vya chuma. Mwaka 1908 klabu ya magari ya Uingereza ilichukua Model K tatu kwenye uwanja wa Brooklands, zikafunguliwa zote, vipuri vikachanganywa, kisha mafundi wakaunganisha upya magari matatu kwa spana na bisibisi tu. Tupa haikuruhusiwa. Yakawashwa, yakakimbizwa maili 500. Zama hizo kipuri kilichongwa kufuata gari lake mojamoja, kwa hiyo jambo hilo lilikuwa kubwa mno. 1912 wakaleta starta ya umeme ya Charles Kettering, hendeli ikawekwa pembeni. 1914 wakatoa V8 ya kuuzwa kwa wingi, 1930 wakatoa V16. Waliposema gari lao ndilo kipimo cha dunia, walikuwa na cha kuonyesha.

Heshima hiyo ilisimama juu ya mambo mawili: injini ambayo wengine hawana, na uchache wa magari yenyewe. Uchache ndio uliotangulia kuondoka. Katikati ya miaka ya 1970 Cadillac ilikuwa inauza zaidi ya magari 300,000 kwa mwaka. Gari la aina hiyo unalikuta kila kona, na ndani plastiki imechukua nafasi ya mbao na chuma. (Packard walipita njia hiyohiyo mapema zaidi: modeli ya 120 ya mwaka 1935 iliokoa kampuni kwenye mdororo wa uchumi, lakini baada ya hapo tajiri hakuona sababu ya kulipia Packard kubwa, akahamia Cadillac.)

Injini nayo ikalegea. V8 ya lita 8.2 ya Eldorado ya 1970 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 400. Mwaka 1976 injini ileile ya kabureta iliandikwa 190. Tofauti hiyo isikupoteze yote: mwaka 1972 Wamarekani walibadili upimaji. Zamani injini ilipimwa tupu, haijafungwa ekzosi halisi wala haibebi mizigo yake. Baadaye ikapimwa imevaa kila kitu. Sehemu nyingine ya upungufu ni ya kweli, ilitokana na kushusha mgandamizo ili kukidhi sheria za moshi. Hata hivyo injini hizo za zamani zilikuwa ngumu kufa. Balaa la ufundi lilianza 1978 na likaendelea kwa miaka minane hivi. Hapo namwachia fundi.

Fundi_Unga_Ltd

Asante mkuu. Nitaeleza injini tatu, kwa sababu hizo ndizo zilizofukuza wateja wenye fedha.

Dizeli ya lita 5.7. Hii ni ya Oldsmobile, ndugu yao ndani ya General Motors. Cadillac walianza kuifunga kwenye Seville mwaka 1978, na 1980 Seville ikaja nayo kama injini ya kawaida. Watu husema ni injini ya petroli iliyogeuzwa dizeli. Hilo si sahihi, bloku yake ilitengenezwa nzito zaidi. Kosa lilikuwa kwenye hedi (kifuniko cha juu cha silinda): waliacha mpangilio uleule wa bolti 10 kwa kila hedi ili watumie mitambo ileile ya kiwandani. Injini ya petroli ya wakati huo ilikuwa na mgandamizo wa kama 8 kwa 1, dizeli hii ilikuwa 22 na kidogo kwa 1. Bolti zinavutika, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye silinda. Maji hayagandamiziki, hivyo pistoni ikipanda inakuta ukuta na konrodi inapinda. Fundi asiyejua alikuwa anabadilisha gasketi na kurudisha bolti zilezile zilizokwisha kuvutika, baada ya muda mfupi gari linarudi gereji.

Juu ya hapo hawakuweka chujio la kutenganisha maji na dizeli. Dizeli ya vituo vya Marekani wakati ule ilikuwa na maji mengi, maji yakala pampu ya dizeli na nozeli kwa kutu. Wenye magari wakamimina spiriti kwenye tangi ili kuondoa maji, spiriti nayo ikaharibu sili za pampu. Cheni ya taiming ikilegea, pampu inapoteza muda wa kupiga. Yeyote aliyefanya kazi na dizeli za Land Rover au Toyota anajua kwamba chujio la maji ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye mfumo mzima. Kukiacha ilikuwa uamuzi mbaya usio na utetezi.

V8-6-4 ya 1981. Lita 6.0, chuma kitupu, injini imara. Wazo lilikuwa kuzima silinda mbili au nne ukiwa barabara kuu. Solenoidi juu ya roka inaachia egemeo lake, valvu zinabaki zimefungwa, silinda inapumzika. Wazo lenyewe zuri, leo hii magari mengi yanalo. Ila kompyuta ya mwaka 1981 ilikuwa polepole mno kuamua, gari linashtuka na kusitasita kila linapobadili. Wauzaji wakaishia kukata waya mmoja tu ili ibaki V8 siku zote, na baada ya hapo ilitembea vizuri kwa miaka mingi. Kwenye magari ya kawaida mfumo uliondolewa baada ya mwaka huo mmoja, ukabaki kwenye limuzini.

HT4100 ya 1982. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na imefungwa kwenye magari mengi kuliko zote. Lita 4.1, bloku ya aluminiamu, slivu za chuma, hedi za chuma. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kuyeyusha. Kwa hiyo kila unapowasha na kuzima, bloku na hedi vinasuguana na gasketi ya manifodi ya hewa iliyo katikati ndiyo inayoumia. Ikiachia, kulanti (maji ya kupoza injini) inashuka kwenye oili, na beringi za kamshafti zinakwisha. Bloku nyingine zilikuwa na vinyweleo tangu kuyeyushwa, kiwanda kikaagiza vidonge vya kuzibia viwekwe kwenye kulanti kila inapobadilishwa. Na nguvu yake? Farasi 125 kuvuta gari la tani 1.7 na zaidi. Kwenye mlima inapitwa na gari la mizigo.

Mteja wa Cadillac hakuwa mtu wa kujua bolti wala gasketi. Alijua kwamba amelipa fedha nyingi na gari limelala gereji. Safari iliyofuata alikwenda kununua Mercedes.

Kiboriloni_Garage

Fundi amemaliza upande wa injini. Bodi nayo ina kesi yake.

Mwaka 1981 walizindua Cimarron ya 1982. Ilikuwa Chevrolet Cavalier yenye ngozi, nembo na grili tofauti: silinda nne, lita 1.8, farasi 88, bei zaidi ya dola 12,000, yaani karibu mara mbili ya ndugu yake. Mwaka wa kwanza ziliuzwa kama 26,000 tu. Iliachwa 1988. Ilifukuza wateja wa Cimarron yenyewe, na aliyekuwa na DeVille kubwa naye akaanza kujiuliza gari lake limetoka kwenye Chevrolet ipi.

Kisha 1985 na 1986 wakapunguza ukubwa wa kila kitu. Eldorado mpya ilikatwa karibu sentimita 40, na ukiiweka jirani na Buick na Oldsmobile za mwaka ule, mtu wa mtaani hawezi kutofautisha. Mauzo ya Eldorado yalitoka zaidi ya 76,000 mwaka 1985 hadi kama 21,000 mwaka 1986. Lincoln wakatengeneza tangazo la televisheni lililoonyesha waegesha magari wa hoteli wakichanganya Cadillac na magari ya bei ndogo ya kampuni ileile. Liliwauma kwa sababu lilikuwa kweli.

Allanté ya 1987 ilikuwa jaribio la kurudi juu: bodi inatengenezwa Turin, Italia, na kampuni ya Pininfarina, inapakiwa kwenye Boeing 747, inapelekwa Detroit kufungwa injini. Gharama zote hizo, halafu chini ya boneti kuna lita 4.1 ileile iliyoboreshwa kidogo, inavuta magurudumu ya mbele. Injini mpya ya V8 iitwayo Northstar ilipokuja 1993 na kulipa gari nguvu linalostahili, ndio mwaka huohuo wakaacha kulitengeneza.

Njiro_Block_C

Naomba nitofautiane kidogo na wakuu. Mnaongea kana kwamba wahandisi walikuwa wajinga. Walibanwa. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1975: wastani wa magari yote ya kampuni ufike maili 18 kwa galoni mwaka 1978, na 27.5 mwaka 1985. Hiyo ni kutoka kama kilomita 7.7 hadi 11.7 kwa lita, ndani ya miaka saba. Kampuni iliyozoea lita 8.2 ingefanya nini? Dizeli, kuzima silinda, aluminiamu, gari dogo: vyote vinne ni majibu ya sheria hiyo.

Na msisahau washindani. Mercedes W126 ilitoka 1979. Lexus LS 400 ikatoka 1989, kwa bei ya chini kuliko Wajerumani, na ikawa haiharibiki. Hata Cadillac isingekosea popote, ingepoteza sehemu ya kiti chake.

Fundi_Unga_Ltd

Sheria nakubali, mkuu wa Njiro. Lakini sheria haikumlazimisha mtu kuacha chujio la maji, wala kutumia bolti 10 pale panapohitaji zaidi. HT4100 iliharakishwa kwa kuwa V8-6-4 iliyoitangulia ilikuwa imewashinda. Mercedes nao walibanwa na sheria hizohizo za Marekani, wakauza dizeli za silinda tano ambazo mpaka leo zinatembea. Tofauti ni muda wa majaribio kabla mteja hajapewa ufunguo.

Mkazi_Sakina

Nimeelimika sana, wakuu. Sasa hiyo Northstar ya kwenye Seville, nayo ni ya ukoo huo wa matatizo? Na naikaguaje kama gari limeshafika?

Fundi_Unga_Ltd

Northstar kwa muundo ni injini nzuri: lita 4.6, kamshafti nne, valvu 32, cheni ya taiming badala ya mkanda, farasi 300 kwenye STS. Ina udhaifu mmoja mkubwa. Bloku ni ya aluminiamu, na bolti za hedi za M11 zina meno ya karibukaribu, ya milimita 1.5. Chuma cha bolti kigumu, meno ya bloku laini. Injini ikichemsha, au kulanti ikiachwa miaka mingi mpaka ikawa tindikali, meno ya bloku yanang'oka na bolti inapoteza mkazo. Gasketi inavuja kwa sababu hedi haijabanwa tena, yenyewe haina kosa. Ndiyo maana kubadilisha gasketi peke yake ni kazi bure. Mwaka 2000 waliboresha, na 2004 wakaenda meno mapana ya milimita 2.0, lakini kufikia hapo STS ya magurudumu ya mbele ilikuwa imeshaachwa. Kati ya hizo unazoziona, chagua za 2000 kuja juu.

Ukaguzi ufanye injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku mzima. Muuzaji akikupokea na gari limeshawashwa, rudi siku nyingine.

Fungua kofia ya tangi la kulanti. Rangi iwe ya chungwa, safi. Ikiwa kahawia kama tope, au kuna chembechembe nyingi za dawa ya kuziba, achana nalo. Funga kofia, washa, shika bomba kubwa la juu la rejeta. Bomba likiwa gumu ndani ya dakika mbili tatu wakati bado halijapata moto, hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Kwa uhakika zaidi tumia kipimo cha kemikali cha rangi ya bluu: unakiweka kwenye mdomo wa tangi, unavuta hewa yake, injini ikinguruma. Bluu ikigeuka njano, hedi imeachia. Kuwa makini kisinyonye kulanti, kitakudanganya.

Kisha lipandishe mlima. Ukiwa Moshi, kutoka Himo kwenda Marangu bila kupumzika inatosha. Meno yakiwa yameanza kuachia, mjini gari linatulia tu, ila kwenye mzigo mshale wa joto unapanda.

Kabla hujalihukumu gari linalochemsha, angalia vitu viwili vya bei ndogo. Kuna kibomba chembamba kinachorudisha hewa na maji kwenye tangi. Huziba. Kichomoe upande wa tangi injini ikiwa baridi, washa, maji yatoke mfululizo. Yasipotoka, zibua kwa waya mpaka kwenye tundu la injini. Cha pili, pampu ya maji ya Northstar haivutwi na mkanda mkubwa. Ina mkanda wake mdogo unaozungushwa na kamshafti upande wa giaboksi, chini ya kifuniko. Ukilegea au kukatika, gari linachemsha na mkanda mkubwa unaonekana mzima.

Hedi ikiwa imeachia kweli, kazi iko hivi: injini, giaboksi na fremu ya mbele vinashushwa pamoja kwa chini, bodi inanyanyuliwa. Matundu yote 20 yanatobolewa na kuwekewa meno mapya ya chuma, kwa kifaa cha kuongoza drili inyooke. Yote 20, hata yale yanayoonekana mazima. Bolti mpya, hedi zikaguliwe kwa rula na kuskimiwa zikiwa zimepinda, kisha zifungwe kwa spana ya toki na kipimo cha pembe ya kuzungusha bolti kufuatana na kitabu cha mwaka wa gari lako. Tobo moja likienda upande, bloku imekwisha. Usikubali fundi atoboe kwa drili ya mkono bila kiongozi, hata awe hodari vipi.

Pasua_Spea

Naongezea upande wa vipuri, maana hapa ndipo wengi wanakwama.

Rimu: Seville ina bolti 5 kwenye duara la milimita 115. Toyota nyingi ni 114.3, na tundu la katikati la Toyota ni dogo. Watu wanalazimisha kwa kuwa tofauti haifiki milimita moja, nati zinakaa upande na zinalegea barabarani. Usifanye hivyo.

Starta iko katikati ya V, chini ya manifodi ya hewa. Kuibadilisha lazima manifodi itoke, kwa hiyo nunua na gasketi zake kabisa. Shokapu ni za umeme, zinabadili ugumu zenyewe. Ukifunga za kawaida bila kuweka rezista kwenye waya, dashbodi itakulalamikia kila siku. Hakuna kati ya hivi utakachokikuta dukani Arusha au Moshi, utaagiza Marekani au Dubai. Filta, plagi na betri hupati shida.

Kodi: gari linalozidi miaka 10 linabeba ushuru wa uchakavu, na injini ya lita 4.6 iko kundi la juu la ushuru wa bidhaa. Ingiza mwaka na ukubwa wa injini kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kutuma senti. Ile nafuu unayoiona Japani hupungua sana ukifika hapo. Ukitaka V8 ya kifahari inayotengenezeka hapa, Celsior yenye injini ya 1UZ inakuhitaji mkanda wa taiming na pampu ya maji kwa wakati, basi.

Mkazi_Sakina

Shukrani sana. Swali la mwisho: mafundi wengi wa huku wanashauri kutoa kulanti na kuweka maji ya bomba, kwamba hali ya hewa ya Arusha ni ya baridi. Kwa Northstar inakubalika?

Fundi_Unga_Ltd

Haikubaliki hata kidogo, na mwinuko wetu ndio unaozidisha ubaya. Arusha iko kama mita 1,400, maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Feni za Northstar haziwaki mpaka nyuzi zivuke 100. Kinachozuia maji yasichemke kabla ya hapo ni mgandamizo wa kofia peke yake. Kofia ikizeeka na kuvuja, maji yanachemka kabla feni haijaamka, mvuke unakaa kwenye hedi, aluminiamu inapata moto, na meno ya bolti yanaanza safari.

Weka kulanti ya chungwa nusu, maji yaliyochemshwa na kukusanywa kama mvuke nusu, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Maji ya bomba ya huku yana floraidi na madini mengi, yanaacha magamba ndani ya rejeta. Kofia ya tangi badilisha siku gari linapofika, hata kama inaonekana nzima. Kulanti ibadilishwe kila miaka mitano, na ukinunua gari lisilo na kumbukumbu, imwage siku ya kwanza, suuza mpaka maji yatoke meupe, ndipo ujaze polepole kupitia tangi huku kile kibomba chembamba kikiwa kimehakikishwa kinapitisha.

Mkazi_Sakina

Nimeelewa. Nitatafuta ya 2001 au 2002 yenye kumbukumbu za kulanti, nikikosa naangalia Celsior.